Masta ya kiangazi kwa maticha wa fizikia na kemia huku Marekani: anza Januari, usingoje shule zifungwe

Kila mwaka mwishoni mwa Mei, shule zikikaribia kufungwa, naanza kupata meseji zile zile kutoka kwa walimu wenzangu tulio huku, Watanzania, Wakenya, juzi hapa hata Mkongo mmoja anayefundisha kemia: "Kaka, nataka kusoma sama hii (yaani likizo ya kiangazi), nianzie wapi?" Na jibu langu ni lile lile linalowaudhi, kwamba sama hii umeshachelewa, tupange ya mwakani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku nimesimama jikoni ugali unashika chini, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, mwenye shida asome.

Ninaowaongelea ni maticha wa haiskuli za huku wanaofundisha fizikia, kemia, au lile somo la darasa la 9 ambalo wanayachanganya yote mawili kwenye kitabu kimoja. Kama umetoka Kenya wazo lenyewe si geni, ni kama walimu wanavyoenda chuo likizo za Aprili, Agosti na Disemba. Tofauti ni kwamba huku likizo ndefu ni moja tu, wiki 10 hivi, ukitoa wiki ya kukamilisha alama za wanafunzi na ile ya kurudi kwenye vikao vya Agosti unabaki na 7 au 8, na masta nzima unaijenga kwa vipande hivyo, sama hii na sama ijayo, huku mshahara unaendelea kuingia.

Hatua ya 1: jua unaitafuta kwa ajili ya nini

Usicheke, watu wengi hawajui. Mtu anakwambia "nataka masta" ukimuuliza ya nini anasema "si wote wanayo". Kuna sehemu masta ni lazima, New York kwa mfano leseni ya kwanza ya ualimu ni ya miaka 5 na kuvuka kwenda ile ya kudumu lazima uwe na masta, hapo huna mjadala. Kuna sehemu masta inapandisha mshahara. Na kuna sehemu haipandishi kitu, North Carolina walifuta nyongeza ya masta kwa walimu wengi mwaka 2013, kwa hiyo ukisoma kule ukitegemea mshahara utalia peke yako.

Halafu kuna sababu ambayo watu wetu hawaijui kabisa na kwangu ndo kubwa kuliko zote. Haiskuli nyingi za huku zina madarasa ambayo mwanafunzi anasoma hapo hapo shuleni kwake lakini anapata krediti za chuo, yaani vile vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea digrii. Kufundisha darasa hilo, leseni ya ualimu peke yake haitoshi, chuo kinachotoa krediti kinataka mwalimu awe na masta ya somo lenyewe, au masta yoyote lakini ndani yake awe na krediti 18 za somo hilo za ngazi ya uzamili. Hiyo 18 wameilegeza kidogo miaka ya karibuni ila vyuo vingi bado ndo namba wanayoitumia. Sasa angalia mwalimu mwenye masta ya Uongozi wa Elimu, ana cheti kizuri kiko ukutani, krediti 36, na hawezi kufundisha fizikia ya chuo kwa sababu hana hata krediti moja ya fizikia. Nimewaona wa hivyo na ni watu wenye akili zao, hakuna aliyewaambia tu.

Kwa hiyo msimamo wangu tangu hapa mpaka mwisho ni huu: kama wewe ni mwalimu wa fizikia, soma fizikia. Kama ni kemia, kemia. Masta ya "elimu" kwa ujumla ni rahisi, iko onlaini, unaimaliza ukiwa kitandani, na darasani Agosti inakuacha vile vile ulivyokuwa Mei.

Hatua ya 2: nenda kwa watu wa utumishi wa wilaya yako kabla hujaenda chuo chochote

Hii ndo ya Januari. Wilaya nyingi za shule zina jedwali la mshahara lenye pande mbili: kwenda chini ni miaka yako kazini, kwenda pembeni ni elimu yako, digrii ya kwanza, digrii ya kwanza na krediti 15, masta, masta na krediti 30 na kuendelea. Kuhama kwenda pembeni ndo wanaita kubadili leni. Jedwali hilo si siri, lipo kwenye tovuti ya wilaya, lidanlodi, litafute jina lako lilipo, halafu tazama leni ya pembeni imezidi kiasi gani. Tuseme tofauti ni dola 3,000 kwa mwaka na masta itakugharimu 15,000, basi mwaka wa 5 umerudisha pesa yako na baada ya hapo ni faida mpaka unastaafu. Kama tofauti ni dola 800, fanya hesabu tena, labda sababu yako iwe nyingine.

Halafu uliza swali moja, na uliulize kwa maandishi, yaani barua pepe, usiulize koridoni: "Je, kozi lazima ziidhinishwe kabla sijaanza?" Mimi hapa nilipigwa. Sama yangu ya kwanza nilisoma kozi ya krediti 3, nikalipa mfukoni, nikapata A, nikapeleka matokeo Septemba kifua mbele, nikaambiwa fomu ya idhini ilitakiwa isainiwe na mkuu wa shule na ofisi ya wilaya kabla ya siku ya kwanza ya kozi. Mimi sikuwa na fomu. Krediti 3 zikakaa kwenye transkripti, ile karatasi rasmi ya matokeo, kama mapambo, kwenye mshahara hazikuhesabika. Dada wa ofisini alikuwa mpole tu, akaniambia "pole mwalimu, iko kwenye ukurasa wa 41 wa mkataba wenu". Na kweli ilikuwa ukurasa wa 41. Tangu siku hiyo nasoma mkataba wa ajira kama watu wanavyosoma maelezo ya vidonge.

Uliza pia kama wilaya inachangia ada. Zipo zinazochangia, na sheria ya kodi inaruhusu mwajiri akulipie masomo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila hela hiyo kuhesabiwa kwenye kipato chako. Wengi wenye huo mpango hawautangazi, lazima uulize.

Kama uko huku kwa viza ya kubadilishana walimu au ya kazi, hapo hapo Januari mwandikie aliyekudhamini umuulize kama unaruhusiwa kusoma kozi na kwa kiwango gani. Viza yako ni ya kufundisha, masomo lazima yawe kitu cha pembeni. Usisikilize ya mtu wa kwenye grupu la WhatsApp aliyesema "mbona mimi nilisoma tu", wewe huijui viza yake.

Hatua ya 3: chagua programu kwa kusoma herufi

Hapa ndo watu wanapotea, maana matangazo yote yanafanana, picha ya mwalimu anacheka kashika bika, kile kikombe cha maabara. Mi nina njia yangu. Fungua orodha ya kozi zenyewe na uangalie herufi zinazotangulia namba ya kila kozi. PHY ni fizikia, CHM au CHE ni kemia, zikianza na EDU au CI hiyo ni elimu. Hesabu. Masta nyingi ni krediti 30 mpaka 36, kozi moja kwa kawaida krediti 3, kwa hiyo ni kozi 10 mpaka 12. Ukikuta kozi 6 au zaidi zina herufi za somo lako umeshapata zile 18. Ukikuta 2 na nyingine zote EDU, jua unanunua masta ya elimu iliyovalishwa koti la maabara.

Mifano miwili ninayowapa watu. Chuo cha Montana State pale Bozeman wana masta ya sayansi ya ufundishaji wa sayansi iliyotengenezwa kwa ajili ya walimu walio kazini, krediti 30, sehemu kubwa unasoma onlaini mwaka mzima na kiangazi kuna kozi unaenda kukaa pale pale milimani, watu wanatoka nje wanaokota mawe na kupima mito. Mwisho unafanya utafiti mdogo ndani ya darasa lako mwenyewe. Kwa mwalimu anayefundisha mchanganyiko, leo kemia kesho jiolojia, inamfaa, ila ukitaka 18 za fizikia lazima uzipange kozi zako kwa makusudi.

Mfano wa pili ni chuo cha Arizona State, mjini Tempe, ambako ndiko ulikozaliwa ufundishaji wanaouita Modeling, mwanafunzi anapima mwenyewe na kujenga maelezo yake badala ya kumeza mhadhara. Historia yake naipenda kwa sababu aliyeianzisha kweli kweli ni ticha wa haiskuli. Malcolm Wells alikuwa anafundisha fizikia sekondari hapo Tempe huku anasoma uzamivu kwa David Hestenes, mwanafizikia wa nadharia, na miaka ya 80 akawapima wanafunzi wake akakuta wanafaulu hesabu lakini kichwani bado wanaamini kitu kikitembea lazima kuna kinachokisukuma. Kutoka hapo ukazaliwa mtihani wa Force Concept Inventory, wa kupima kama mtu anaelewa nguvu na mwendo, uliotoka 1992, toleo linalotumika sasa lina maswali 30 ya kuchagua, hamna hesabu hata moja, na umeshawaangusha watu wenye digrii. Warsha zao za kiangazi ni kama wiki 3 na sasa zinafanyika majimbo mengi chini ya chama cha walimu wenyewe, AMTA, baadhi zina krediti za chuo na baadhi hazina. Hiyo ya krediti uliza kabla hujalipa.

Programu hizi zinabadilika, nyingine zinafungwa mdogo mdogo bila kelele, kwa hiyo mpigie simu mratibu. Simu, si barua pepe. Muulize: kozi za somo zinatolewa kila kiangazi au kwa zamu? Maana ukikosa ile ya sumaku na umeme mwaka huu ikawa inarudi baada ya miaka 2, umeongeza miaka 2. Muulize muda wa mwisho wa kumaliza digrii, vyuo vingi ni miaka 6 au 7 tangu kozi ya kwanza, na ukichelewa zile za mwanzo zinafutika. Muulize kama unaweza kuanza bila kuingia kwenye digrii, usome kozi moja tu uone, halafu wazihamishe. Vingi vinakubali kuhamisha krediti 9 au 12. Mi nawashauri wote waanze hivyo.

Hatua ya 4: makaratasi ya nyumbani

Kama digrii yako ya kwanza ni ya Tanzania, Kenya, Kongo au kwingine, chuo cha huku kitataka itathminiwe na shirika la kutathmini vyeti, WES na ECE ndo zinazojulikana zaidi. Agiza ile ripoti ya kozi kwa kozi, si ile fupi ya bei rahisi, kwa sababu chuo kinataka kuona ulisoma hesabu ngapi na maabara ngapi. Nyingi zinataka transkripti itoke chuoni kwako moja kwa moja, wewe ukiituma hata ikiwa na muhuri wa dhahabu wanairudisha.

Na hapo ndo Januari inapoanza kukuonyesha umuhimu wake. Mdogo wangu alienda ofisi ya mitihani ya chuo nilichosoma mara 4. Mara ya kwanza mhusika yuko semina. Mara ya pili mtandao uko chini. Ya tatu wakamwambia lazima mwenye cheti aandike barua ya kumruhusu, nikaandika, nikaskani, nikatuma, ya nne ndo ikaeleweka. Miezi 2 na nusu. Ningeanza Aprili ningekosa sama nzima.

Watanzania wenzangu wenye digrii za miaka 3, msiogope lakini mjiandae. Baadhi ya vyuo wanashtuka kuona miaka 3 wakati ya kwao ni 4. Mi nilipeleka na cheti cha kidato cha 6 na barua fupi ya kueleza kwamba kabla ya chuo tunakaa miaka 2 kidato cha 5 na 6 tunasoma fizikia, kemia na hesabu za juu tupu, asubuhi mpaka jioni, na yaliyomo ni yale yanayofundishwa mwaka wa kwanza wa chuo huku. Walikubali. Ya Kiingereza nayo uliza kama watakusamehe mtihani, ukishafundisha huku miaka kadhaa au kama masomo yako yote yalikuwa kwa Kiingereza mara nyingi wanasamehe, ila hawakusamehi usipoomba.

Hatua ya 5: hela

Ukiwa raia au una grini kadi unajaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, na ukiwa hadhi nyingine ofisi ya misaada ya chuo ndo itakwambia umo au haumo. Angalia kitu kimoja, msaada wa kiangazi vyuo vingi vina fomu yao nyingine ya ziada, FAFSA peke yake haitoshi, na mkopo unataka uwe umesajili angalau nusu muda kwa vipimo vya chuo hicho.

Kuna TEACH Grant, ruzuku ya serikali kwa walimu, na sayansi imo kwenye masomo yenye upungufu wa walimu. Inatoa mpaka dola 4,000 kwa mwaka na kwa masta mwisho wake ni 8,000, wanakatakata kidogo kutokana na bajeti. Ni nzuri, ila iogope kidogo. Unasaini kwamba utafundisha somo hilo miaka 4 kwenye shule ya watoto wa kipato cha chini ndani ya miaka 8, na kila mwaka unatuma fomu ya kuthibitisha. Usipotimiza inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ile walipokupa, si tangu siku ilipogeuka. Kama unajua utabaki kwenye shule hizo, chukua. Kama una mpango wa kuhamia shule binafsi au kurudi nyumbani mwakani, iache ilipo.

Wenye mikopo ya serikali ya zamani, mwalimu wa sayansi wa sekondari akikaa miaka 5 mfululizo kwenye shule za namna hiyo anaweza kufutiwa mpaka dola 17,500. Wengi mko kwenye shule hizo hizo tayari na hamjaomba.

Wakati wa kodi usisahau fomu ya 1098-T kutoka chuoni, inayoonyesha ada. Kuna punguzo la Lifetime Learning, asilimia 20 ya ada mpaka dola 10,000, yaani mwisho dola 2,000, inapunguza kodi unayodaiwa, haikupi hela mkononi, na kipato kikiwa kikubwa inapungua mpaka inakwisha. Sharti hela iwe imetoka kwako, ile aliyolipa mwajiri huihesabu.

Kuhusu mahali pa kulala, hosteli za chuo kiangazi zinakuwa tupu na bei inashuka. Ukichukua chumba Tempe mwezi wa 6 hakikisha kiyoyozi kinafanya kazi kabla hujasaini chochote, joto linapita digrii 40 na lile si joto la Dar, halina jasho, linakukausha kama dagaa.

Hatua ya 6: Aprili na Mei, kausha kutu

Sema ukweli wako. Kama miaka 8 umefundisha darasa la 9, mara ya mwisho kutafuta integrali ilikuwa lini? Mimi nilikuwa nimesahau mpaka kanuni ya mnyororo, na nilikuwa nang'ara kwenye hesabu kidato cha 6. Nusu saa kila siku baada ya isha, vitabu vya OpenStax vya Rice University ni bure kabisa, vya fizikia ya chuo vina maswali na majibu. Fanya vekta, derivativu, integrali rahisi, na mfumo wa nguvu kwenye mteremko. Kwa wa kemia, moli na usawa wa kikemikali. Na PhET ya University of Colorado ina majaribio ya kwenye kompyuta, baadhi yametafsiriwa Kiswahili, mi nilimpa binti yangu achezee ya saketi akanifundisha yeye.

Hatua ya 7: wiki zenyewe

Kwanza hesabu ambayo hakuna anayeifanya. Kozi ya krediti 3 ni kama saa 45 za darasani. Muhula wa kawaida wa wiki 15 hiyo ni saa 3 kwa wiki. Kiangazi saa 45 zile zile zinabanwa kwenye wiki 5, ni saa 9 kwa wiki, na kazi ya nyumbani ni kama mara 2 ya hapo, 18, jumla 27. Ukichukua kozi 2 kwa pamoja ni saa 54 kwa wiki. Kwa hiyo anayekwambia atasoma kozi 2 na jioni aendeshe Uber, mwombee. Sama ya kwanza chukua moja.

Ukikosa siku moja umekosa zaidi ya nusu ya wiki ya kawaida. Harusi, kipaimara, ubarikio, mgeni kutoka nyumbani, vyote wajulishe mapema kwamba haupo.

Sasa darasani kwenyewe. Warsha ya Modeling siku ya kwanza hakuna mhadhara. Mnakaa vikundi vya watu 3, mnapewa kagari kadogo ka betri, rula ya mita na saa ya kusimamisha, na swali moja: mnaona nini mnachoweza kupima? Basi. Tulikuwa watu wazima 20 na kitu, mmoja ana miaka 25 kazini, tumepiga magoti sakafuni tunafukuza kagari. Sheria yao ni kwamba mchana unakuwa mwanafunzi, unajifanya hujui, unajibu kama mtoto wa darasa la 9 atakavyojibu, halafu baadaye unavaa tena ualimu mnajadili.

Mimi siku ya 4 sikuhitaji kujifanya. Tulipewa mpira umerushwa juu wima, tuchore nguvu zinazoufanyia kazi ukiwa bado unapanda. Nikachukua kalamu, nikachora mshale mkubwa kwenda juu na mdogo kwenda chini, kwa kujiamini kabisa. Kwenye kikundi alikuwepo mama mmoja aliyesomea baiolojia, wamempa fizikia kwa sababu shule yake haina mtu. Akautazama ubao, akaniuliza taratibu: "Huu wa juu, nani anausukuma?" Nikasema mkono. Akasema mkono umeshauachia. Nikasema basi ile nguvu ya kurushwa. Akasema, "Sawa, lakini ni nani?" Nikanyamaza. Nimefundisha sheria za Newton miaka 12, nimesahihisha mitihani ya taifa, na hapo nimesimama na kalamu nyekundu sina jibu, kwa sababu hakuna mtu anayesukuma, ikiachwa hewa kuna nguvu moja tu na inavuta chini. Nikafuta mshale kwa kiganja. Swali lile la nani anamsukuma nani ndo wanalolitumia kwa kila mshale, kama mshale hauna mwenyewe hauchorwi, na sasa hivi wanafunzi wangu wanalijua kuliko jina langu.

Wa kemia nao walikuwa na yao. Ndani ya mapovu ya maji yanayochemka kuna nini? Nusu ya chumba waliandika hewa, wengine haidrojeni na oksijeni. Ni mvuke wa maji, maji yale yale molekuli zimeachana. Ukiwaambia uchore vipande vidogo vidogo kabla na baada, uongo unajionyesha wenyewe kwenye ubao.

Ubao wenyewe, hili mnaweza kulifanya hata kama hamwendi popote. Duka la vifaa vya ujenzi nunueni lile bapa jeupe la kuta za bafu, futi 4 kwa 8, waombe wakukatie inchi 24 kwa 32, unapata mbao 6 kamili hakuna kinachobaki. Kila kundi la wanafunzi ubao wake. Kingo zipige msasa au zungushia tepu, maana zinachana mikono. Na usitumie kalamu ya kudumu kwa bahati mbaya kama mimi, ingawa ukichora juu yake na ile ya kufutika ukafuta mara hiyo hiyo inatoka.

Kuandika nako usingoje wikiendi. Kozi za elimu zilizomo zina makala za kusoma nyingi, soma usiku ule ule andika sentensi 5, siku ya mwisho unakuta insha ipo nusu.

Kwa mlio nyumbani Tanzania au Kenya mnaosoma hii mkisema haituhusu: CERN, kile kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia pale Geneva, wana programu ya kiangazi ya walimu wa sekondari wa kimataifa tangu 1998, ni wiki 2 hivi. Haitoi digrii, ila unarudi na vitu. Maombi huwa yanafungwa miezi mingi kabla, na muulize mapema nauli analipa nani. Anayefundisha Mwanza anaweza kuomba sawa sawa na anayefundisha Munich.

Hatua ya 8: Agosti

Usifurahie A peke yako. Siku matokeo yanapotoka agiza transkripti rasmi ya kielektroniki iende moja kwa moja ofisi ya utumishi, na kopi ibaki kwako. Wilaya zina tarehe ya mwisho ya kubadili leni kwa mwaka huo, nyingine ni Septemba, nyingine mapema zaidi, ukipita unasubiri mwaka mzima kwa mshahara wa zamani. Ambatanisha na ile fomu yako iliyosainiwa Januari, uandike barua pepe fupi: jina, shule, kozi, krediti ngapi, na uombe wakujibu kwamba wamepokea. Wasipojibu baada ya wiki piga simu.

Halafu mshahara wa Oktoba ukiingia fungua karatasi yake uangalie leni iliyoandikwa. Yangu ilikuwa bado ya zamani. Nikapiga, dada yule yule akapokea, safari hii akacheka, akasema imekwama kwenye mfumo, wa Novemba ukaja na malimbikizo yake.